Kanga na Lebo ya Chakula

Wanyama walijijengea ukuta wa habari. Ukishaandika kitu hapo, hakifutiki, na kila mnyama anabaki na nakala. Faida yake mimi sijaiona.

Kanga akaandika: "Nimetotoa vifaranga saba."

"Bandika lebo, shoga," Kasuku akasema, "wakutafutao wakuone."

"Ipi?"

"Ya chakula. Hiyo inasomwa na wengi."

Kanga hakuelewa, akabandika. Kesho yake Nguchiro akabisha hodi, nakala mkononi, udenda unamtoka.

"Kasuku, futa!" Kanga akapiga kelele.

"Hakifutiki. Ongeza."

Kanga akaongeza, lebo ile ile: "Vifaranga wote wana ndui." Nguchiro akasoma, akafunga mdomo, akaondoka.

Watoto wakapona. Lakini mpaka leo Kanga anauliza mbona mashangazi hawaji kuwaona.