Bunduki Inayong'ata

Shemeji yake aliinyakua bunduki ya mumewe ukutani, Verna akiwa bado makaburini kumzika. Leo kaileta uwanja wa shabaha kujionyesha, na Verna kamfuata.

"Chuma chakavu cha jeshi!" shemeji akasema. "Kaka alikuwa anakisifia nini?"

Wazee wenye bunduki kama hiyo wakamjia juu. Mmoja akasema ni nzito kama jiwe, lakini haijawahi kumwangusha. Mwingine akaapa atazikwa na yake.

"Ila inang'ata," akaanza wa tatu. "Kile chuma kinachofunga tundu la risasi kikifyatuka mbele, na wewe umeweka..."

Verna akamkazia macho.

Mzee taratibu akaficha mfukoni kidole gumba chake, chenye ukucha mweusi uliopindapinda. Marehemu naye alikuwa na ukucha kama huo.

Shemeji akavuta kile chuma nyuma, kikanasa. Tundu la kutilia risasi likabaki wazi kama kinywa.

"Haya, risasi naziingizaje?"

Wazee wote wakatazama viatu vyao.

Verna akasogea, akamwekea mkono begani, kwa upole kabisa.

"Kandamiza kwa kidole gumba, shemeji. Mpaka chini."