Kifuani kwa Baba

Tangu azaliwe, yule mtoto njiti alikuwa hajanyonya hata mara moja. Maziwa yalipita kwenye mrija wa puani, na kila mama yake alipomweka titini, alilala fofofo.

Mchana huo nesi alimtoa kwenye mashine ya joto, akamlaza kifuani kwa baba yake, ngozi kwa ngozi. Baba, fundi magari mwenye kifua cha manyoya, aliogopa hata kupumua. Mkewe alikuwa kando, kwenye kiti cha magurudumu, mkono juu ya mshono wa upasuaji.

Mtoto akageuza kichwa. Akapapasapapasa kwa mdomo wake mdogo.

"Mamaaa!" baba akapiga yowe.

Nesi akaja mbio. "Kuna nini?"

"Amenikamata chuchu!"

Nesi akainama, akaona vishavu vikibonyea na kujaa, vikibonyea na kujaa.

"Ananyonya! Baba, usithubutu kusogea!"

"Lakini humu hamna kitu, dada!"

"Yeye hajui. Vumilia."

Mkewe alikuwa akicheka huku machozi yanamtiririka, mkono mmoja kwenye mshono, mwingine ukifungua vifungo haraka haraka.

"Nesi, mlete huku upesi," alisema, "kabla hajagundua katapeliwa."