Hukumu ya Shangazi wa Getini

Kufika saa sita mchana, watu laki tatu walikuwa wameshamfukuza Ardell Quince kwenye karamu ambayo haikuwepo.

Ndivyo tulivyo sisi Weusi wa Marekani mtandaoni. Jela yetu ni moja: kukufutia mwaliko wa nyama choma ya ukoo. Jiko halijawashwa, mbavu hazijalowekwa, lakini ukishaambiwa huna sahani, jina lako limekwisha.

Mshika geti wa karamu hiyo alikuwa mmoja, Shangazi wa Getini, mwenye wafuasi laki tisa na picha ya kofia ya kanisani mahali pa uso. Wachekeshaji, wachezaji mpira, wahubiri, wote alishawahi kuwapokonya sahani, na wote waliomba radhi wakilia mbele ya kamera.

Aliyejificha nyuma ya kofia hiyo ni Verlene, karani mstaafu wa shule, miaka sitini na nane. Siku hiyo alikuwa jikoni kwake, mjini Macon, Georgia, miwani imeshuka puani. Mbele yake alikaa jirani yake Earline, mtu pekee aliyeijua siri hiyo, akichambua sukuma wiki.

Kosa la Ardell lilikuwa la jana. Mwimbaji huyo, ambaye nyimbo zake zimepigwa kwenye harusi zetu sote kwa miaka ishirini, alihojiwa redioni akasema jambo ambalo kwetu halisemwi. Alisema alipokuwa mdogo alichapwa kwa waya wa umeme mpaka akajikojolea, halafu akaambiwa huo ndio upendo. Haukuwa upendo, alisema. Walionilea walikosea, na nyie mnaowachapa wenu mnakosea. Mahojiano yalikuwa ya saa nzima. Watu walisikiliza sekunde arobaini, na wengi hata hizo hawakuzimaliza.

Mtandao ukawaka. Tulichapwa na tukawa watu. Bora mkanda wa mama kuliko risasi ya polisi. Watu wazima wenye makovu migongoni walishindana kuyasifu makovu yao. Wachache waliothubutu kusema kwamba mtoto si nguo ya kuning'inizwa na kukung'utwa vumbi waliambiwa wahamie kwa Wazungu.

Ila hao wote walikuwa kelele tu. Aliyesubiriwa ni Shangazi. Jumapili kituo kimoja cha televisheni kilipanga kumpa Ardell tuzo ya uimbaji wake wa maisha yote, na wakubwa wa kituo walishatangaza kwamba wataamua saa kumi na moja jioni kama wamwache au wamtoe. Kila mtu alijua wanamwangalia nani.

Tangu asubuhi Earline alikuwa akimsihi Verlene amwache huyu apite, kama alivyowaacha wengine waliosema makubwa zaidi. Verlene alikuwa akikisikiliza kile kipande cha sekunde arobaini kwa mara ya kumi.

"Mtu mzima analilia kiboko cha miaka arobaini iliyopita," alisema mwishowe. "Kashiba, ana jumba, ana meno mapya, halafu anamwanika mama yake mbele ya Wazungu. Hana haya."

Earline aliacha sukuma. "Hakusema mama, Verlene. Alisema walionilea."

"Kwani kuna nani mwingine?"

"Ndiyo maana nakwambia huyu mwache."

"Sheria ni msumeno," alisema Verlene, akaanza kuandika.

Mkono wa kuandika alikuwa nao, hilo hatumnyimi. Aliuliza: mama peke yake, kazi mbili, mtaa wa risasi, mtoto wa kiume amlee kwa kipi, kwa nyimbo? Aliandika kwamba waya huo huo ndio uliomfikisha jukwaani, na kwamba asante ya punda ni mateke. Akamalizia: "Ardell Quince, sahani yako tumeigeuza. Usije."

Hazikupita saa mbili, maneno hayo yalishasomwa na watu milioni mbili. Makanisa yaliyasambaza. Wachezaji mpira, ambao mwaka jana Shangazi aliwaliza wao, sasa walimpigia makofi, maana hakuna raha kama kuona aliyekaangwa si wewe.

Kijana mmoja wa Detroit aliuliza kwa upole: na huyo aliyeshika waya, yeye hana kosa? Verlene akamfungia papo hapo na kuwaachia wafuasi wamshughulikie. Wakamshughulikia mpaka akafuta akaunti yake. Mwingine akasema mwanamke wa namna hiyo alistahili jela. Naye alifungiwa, na Verlene akaigeuza simu kifudifudi mezani.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano kituo kikatoa taarifa. Kwa kuheshimu hisia za jamii, Bwana Quince hatatunukiwa. Verlene aliisoma kwa sauti mara mbili, akajikatia kipande kinene cha keki. Earline alizifunga sukuma zake kwenye mfuko na kuondoka bila kuaga. Verlene akamcheka kimoyomoyo. Wapo watu hawapendi kuona haki ikitendeka.

Keki ilikuwa haijaisha simu ya ukutani ilipoita. Aliyepiga alikuwa Ardell Quince.

"Mama," alisema, "Jumapili nitakuja kula kwako, ile shughuli wamenitoa. Sikukutaja na sitakutaja, usiwe na wasiwasi. Ila nakuomba leo usiingie mtandaoni. Kuna mwanamke mmoja huko ananichafua, na sitaki uyasome ukaumia."