Nyuso za Kwa Tluway

Siku hizo bunduki ya masafa marefu haikuuzwa mpaka ifundishwe kwanza nyuso za watu ambao haitawapiga kamwe. Tluway, mkulima aliyechoshwa na nguruwe mwitu, alipoletewa mbili uani, alizikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Ile nyepesi ilimkaa vizuri begani, lakini ile nzito ilipasua jiwe ng'ambo ya bonde, akabaki kucheka kwa mshangao.

"Hii hii," akamwambia muuzaji.

Mkewe Paskalina na binti zao wakavaa nguo za kanisani, wakasimama mmoja mmoja mbele ya darubini ya bunduki hiyo. Kila uso ulipoingia, bunduki ilitoa mlio mdogo.

"Na shemeji Gwandu je?" Paskalina akauliza. "Au bado ni ule ugomvi wa mpaka wa shamba?"

"Kwake ni mbali. Nitamwita siku nyingine."

Hamu ya kuijaribu darubini ikamrudia. Akaielekeza ng'ambo, nyumbani kwa ndugu yake, pakawa karibu kama jikoni. Uani, familia ya Gwandu ilikuwa imejipanga mbele ya bunduki mpya, imevaa nguo za kanisani.

Tluway akaitazama simu yake. Hakuna aliyekuwa amempigia.