Vidole vya Mama

Morven alimkuta mama yake amekumbatia kikombe cha chai iliyopoa zamani, vidole vimegeuka bluu. Nje theluji ilikuwa inaanguka, na pampu ya joto, mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto, ilikuwa imezimwa tena.

“Umeme wa mchana ghali,” mume wa Morven alisema. “Mpango wa malipo niliochagua ni nafuu usiku tu.”

“Usiku, gari lako la umeme likichajiwa?”

“Mama avae sweta nyingine, basi.”

Morven alimpokonya simu, akafungua ukurasa wa kampuni ya umeme. Mpango wa wenye pampu ulikuwepo miaka yote, nafuu hata mchana.

“Mke wangu, na gari je?”

“Lisukume!”

Akabonyeza kubadilisha mpango, kisha akaenda kwenye swichi ya ukutani, akawasha joto.