Gome la Kikombe cha Pili

Je, ukiwekewa magome mawili, yote meusi, yote yamepasukapasuka kama kisigino cha mkulima, utajua lipi ni la mkenge na lipi ni la mwavi, ule mti wa sumu?

Sikuzani alitakiwa ajue asubuhi ile, uwanjani, wanaume wamemshika mabega, huku damu ikimchuruzika puani. Shemeji yake Shomvi alimpiga kwa mchi mbele ya watu, akidai amemuua mumewe kwa uchawi. Desturi ya mji ule, mshitaki na mshitakiwa hunywa maji ya gome la mti mmoja, mwongo akafa. Magome aliyaleta Shomvi mwenyewe, na kando ya kila kikombe kilibaki kipande kikavu.

"Kunywa, mchawi we!"

"Nitakunywa, shemeji. Ngoja ninuse kwanza."

Watu wakacheka. Akasaga kipande chake kiganjani, akanusa. Akapiga chafya, tena na tena, mpaka damu ikarukia kanzu ya Shomvi. Kisha akasaga kipande cha Shomvi, akavuta pumzi ndefu. Hakupiga chafya hata moja.

Kicheko kikakatika. Nani asiyejua kwamba unga wa mwavi hupigisha chafya?

Wanaume waliomshika wakamwachia, wakamwangusha Shomvi. Mmoja akamkalia kifuani, mwingine akampanua taya kwa mwiko mpaka jino likavunjika. Sikuzani akapiga magoti, akakiinamisha kikombe chake juu ya kinywa kile, maji yakitetemeka ukingoni.

"Sema, shemeji."

"Nyumba!" Shomvi akalia. "Nilitaka nyumba ya kaka! Nyumba tu!"