Maswali ya Bibi Afya

"Mwalimu, ulianza kukimbilia chooni kabla ya hotuba au baada ya hotuba?"

Mahakama nzima iliangua kicheko. Mwalimu mstaafu, shahidi wa mwisho wa upande wa mashitaka, alikohoa kidogo.

"Katikati ya hotuba, mwanangu."

Wakili wa utetezi, aliyeuliza, hakucheka. Kabla ya kusomea sheria alikuwa bibi afya, akizunguka nyumba hadi nyumba kukagua vyoo na visima, na aibu ya maswali kama hayo ilishamtoka zamani. Mteja wake, mpishi wa sherehe, alikuwa kizimbani. Wageni waliokuja kumuaga Mwalimu kazini waliharisha hadi wakaishiwa nguvu. Wote walipona, lakini lawama zikamwangukia mpishi. Akipatikana na hatia, jiko lake lingefungwa, na pengine mwenyewe pia.

Asubuhi, mlangoni pa mahakama, mama yake wakili alikuwa amemshika mkono. "Mwanangu, nina neno."

"Baadaye, mama, naitwa ndani."

Mama akamgeukia Mwalimu, akamuuliza kwa huruma tumbo linaendeleaje, kisha akaenda kuketi nyuma pamoja na wasikilizaji.

"Wali ulikula?" wakili aliendelea.

"Nilikula."

"Na mkeo?"

"Alikula, wala hakuumwa."

"Nyama je?"

"Hapo alinizidi mbali." Kicheko tena.

"Sasa ni kitu gani ulikitia mdomoni wewe, yeye hakukigusa?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta taratibu. "Juisi. Mwenzangu ana kisukari."

Mawakili hawapendi kuuliza swali ambalo hawajui jibu lake. Bibi afya huuliza kwa sababu hajui.

"Juisi hiyo aliitengeneza mpishi?"

"Hapana. Aliileta mgeni mmoja, zawadi. Aliichanganya na maji ya kisima cha kwake."

"Yalichemshwa?"

"Kwa jinsi tulivyoumwa? Sidhani."

Mpishi alijifunika uso kwa mikono, akalia machozi ya furaha. Mwendesha mashitaka aliinama kama mtu aliyeangusha kitu chini ya meza. Kesi ilikuwa imekwisha, na kila mtu alijua hivyo. Lakini wakili hakuwa mtu wa kuacha kisima kibovu bila kumjua mwenyewe.

"Mgeni huyo ni nani?"

"Hilo liache, mwanangu."

"Siliachi, Mwalimu. Mtu asiye na kosa amepandishwa kizimbani."

"Shahidi ajibu," alisema hakimu, akibana midomo asitabasamu.

Mwalimu alishusha pumzi, akatazama juu ya bega la wakili, kule kwenye mabenchi ya nyuma.

"Basi mgeukie mama yako, mwanangu. Amenyoosha mkono tangu ulipouliza habari za wali."